Ufunguo wa Ukumbi wa Yoga

Siku ya kwanza niliajiriwa kufagia. Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka ya Ngamiani, na Mwalimu Mkuu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Tanga, alinikuta nimeegemea fagio nikiwatazama wanafunzi wake. Akaniambia niweke fagio chini, niketi nao. Baada ya miaka mitatu nikawa msaidizi wake.

Ninyi vijana mnadhani yoga ni kujinyonganyonga tu. Sisi tulianza na pranayama, yaani kuvuta na kutoa pumzi kwa hesabu, ndipo zikaja asana, ile mikao ya viungo. Mwishoni, tukiwa tumelala chali, Mwalimu Mkuu alizungumza juu ya vairagya, moyo kuacha kung'ang'ania. Ili tuizoee, hakuna aliyeruhusiwa kutandika mkeka mahali pamoja siku mbili mfululizo. Watu wazima walinuna kwa kuhamishwa kutoka karibu na dirisha.

"Umeona?" Mwalimu alimwambia mmoja wao. "Dirisha si lako, lakini linakuuma."

Mtaani kwetu Makorora waliniuliza kama nimebadili dini. Niliwajibu kwamba naswali kama wao, ila mgongo hauniumi.

Kisha nilipelekwa Muheza kuwafundisha wafanyakazi wa shamba la mkonge. Meneja wa shamba alinipa nusu saa ya mapumziko, akanionya nisiwalaze usingizi. Walilala. Mwalimu Mkuu alipofariki nilirudi Tanga, nikashika ukumbi wake mpaka magoti yangu yalipogoma.

Siku ya kuniaga nilitoa hotuba ndefu kuhusu kuachilia. Watu walilia. Muda wote huo ufunguo wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu, na nikaenda nao nyumbani.

Mwanaidi, mwanafunzi wangu aliyeshika nafasi yangu, hakuudai ufunguo. Kila asubuhi alipita kwangu, akaniamkia, akauchukua, na jioni akaurudisha. Nilijiambia namsaidia asije akaupoteza. Ukweli ni kwamba niliogopa kuamka asubuhi nikiwa sihitajiwi na mtu.

Miezi ikapita hivyo. Kisha nikapata habari ya msiba wa shemeji yangu Horohoro, nikaondoka haraka. Kesho yake, nikiwa kule, niligusa pindo la kanga, nikaukuta ufunguo, nikashtuka. Nilimpigia Mwanaidi, hapokei. Nikapanda basi la kwanza kurudi, nikaenda moja kwa moja ukumbini nikitegemea kuwakuta wanafunzi wamesimama nje.

Nilisikia pumzi zikihesabiwa ndani. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye komeo lilining'inia kufuli jipya.

Nilingoja wamalize.

"Hili kufuli la tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani, bibi. La zamani lilishika kutu."

"Na ule ufunguo ulikuwa ukiuchukulia nini?"

Mwanaidi aliinama akakunja mkeka wake. "Nilikuwa nakuja kukuamkia. Na niliona bado hujawa tayari kuuachia."

Niliona haya mbele ya mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuvuta pumzi. Nilifungua pindo, nikauweka ufunguo kwenye kiganja chake, nikamwambia asiurudishe tena.

Asubuhi iliyofuata nilikaa barazani mikono mitupu, simtarajii mtu. Mwanaidi alikuja saa ile ile, akaniamkia, akaketi.