Pumzi ya Silinda ya Kwanza

Gari lilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kuwaka, na fundi hakujua kwa nini. Tangu asubuhi alikuwa akilizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Injini hiyo ya kizamani aliifungua mpaka nati ya mwisho, akabadilisha pete za pistoni na beringi, akaifunga upya kwa miezi minane ya subira. Leo saa sita mchana mwenye gari, mwalimu mstaafu, angekuja kulichukua, na gari lilikuwa halitoi ila kikohozi.

Mtaani fundi huyu anaitwa Sikio. Jina hilo alipewa na wateja. Ukimfungulia boneti anainama, anafumba macho, anakwambia valvu ya tatu imelegea, na kweli imelegea. Mashine ya kupimia hana na hataki kuwa nayo. Sikio hilo ndilo lililowalisha wanawe na kuwasomesha. Akishindwa kuwasha injini aliyoifunga kwa mikono yake, mbele ya mwalimu asiyejua kufunga mdomo, jina lingekwenda na maji. Hilo tu ndilo alilokuwa na hakika nalo. Mengine yote yalimchanganya.

Lawama zake zote zilikuwa kwa distributa, kifaa kinachogawia plagi moto. Ya zamani, ile yenye platini, vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, aliijua kuliko mfuko wa shati lake. Mwalimu akaleta mpya, ya elektroniki, isiyo na platini wala kondensa, nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane.

"Hii haina cha kurekebisha, Sikio," mwalimu alimwambia. "Unafunga, unasahau."

Kufunga, alifunga. Kusahau ndiko kulikomshinda. Stata ilizunguka vizuri, injini ikapiga chafya kupitia kabureta, kisha kimya. Alikagua nyaya za koili. Akasoma karatasi, akaisoma tena akiwa ameishika juu chini. Akahesabu nyaya za plagi kwa zamu ya moto, moja, tatu, nne, mbili, kama alivyozihesabu maisha yake yote. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, na cheche ikaruka, nene, safi. Sasa kama moto upo, petroli ipo, na hewa haijaisha duniani, injini inataka nini tena? Alimtukana aliyebuni kitu hicho. Halafu akamtukana mwalimu, kimoyomoyo, halafu akaona aibu, maana mwalimu ndiye aliyemfundisha mwanawe wa kwanza kusoma.

"Likitu hili limekuja kunivua nguo," alisema kwa sauti.

Barazani, hatua chache tu, mkewe alikuwa kwenye cherehani yake. Hakuinua kichwa. Siku hizi ndivyo alivyokuwa, maneno kwa kipimo na salamu kavu, na fundi hakujua amemkosea nini. Hilo nalo lilikuwa limemshinda kama gari.

Akaamua kuanza mwanzo. Distributa hukaa mahali pake pistoni ya kwanza ikiwa juu na silinda imebana hewa. Alama iliyo kwenye puli, gurudumu la mbele ya injini, haitoshi, kwa sababu katika kila zamu ya moto pistoni hufika juu mara mbili: mara moja hewa ikiwa imebanwa, mara nyingine silinda ikitoa moshi tu. Mafundi wengine huziba tundu la plagi kwa kidole gumba. Hewa ikikisukuma, wamejua. Yeye alizoea kuwacheka. Kidole ni cha kuvalia pete, alisema. Yeye huweka sikio penye tundu, akasikiliza pumzi. Na juzi, alipokuwa akiifunga distributa, aliisikia, wazi kabisa.

"Mama watoto, hebu njoo unishikie spana hii. Nikikwambia, zungusha puli polepole."

Mkewe akaja, akaishika. Fundi akainama, akaweka sikio penye tundu la plagi ya kwanza, akaziba sikio la pili, akafumba macho.

"Enhe, hiyo hapo. Pumzi inakuja. Basi, simama hapo hapo."

"Nisimame vipi? Hata sijaanza."

Fundi akafumbua macho. Spana ilikuwa palepale.

"Sasa hii sauti ni ya nini?"

"Sauti gani?"

"Hii. Kama kitunguu kwenye mafuta ya moto."

"Baba watoto, hapa hakuna kinachokaanga. Hata upepo hakuna."

Akaketi kwenye bampa. Mara ngapi alikwenda kufunga bomba akalikuta limefungwa? Na jirani je, aliyemgombeza kwa ajili ya redio, naye akaapa kwamba redio yake imekufa tangu mwaka jana? Aliogopa.

"Weka kidole," mkewe alisema.

Akaweka. Mkewe akazungusha. Alama ikafika juu, na kidole hakikuhisi kitu. Akaendelea mzunguko mzima, alama ikarudi juu, na safari hii hewa ikakisukuma kidole mpaka kikatoka. Kumbe distributa haikuwa na kosa. Aliifunga kinyume, na moto wote ulikuwa ukienda kwenye silinda ambayo haina kazi nao.

Akaichomoa, akageuza rota, ule ulimi unaozunguka ndani yake, nusu mzunguko, akairudisha, akakaza. Kazi ya dakika kumi. Mkewe alikuwa bado amesimama na spana. Akamzunguka mpaka wakatazamana.

"Tangu lini husikii?"

"Sijui. Watu siku hizi wananong'ona sana."

Mkewe hakucheka. "Ile siku nilipoteleza bafuni," alianza.

"Uliteleza bafuni?"

"Ukaniona nachechemea, ukaniuliza kiatu kina nini. Nilikuwa nimelala chini, nakuita, na wewe uko sebuleni, mlango wazi. Nikasema basi, huyu mtu amenichoka. Nikajiinua mwenyewe."

Kabla fundi hajajibu, mwalimu alikuwa ameshaingia getini. Fundi akageuza ufunguo, na gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Mwalimu akapiga makofi.

"Si nilisema mimi? Sikio hakosei."

Angeweza kunyamaza, na jina lingebaki.

"Nimekosea, mwalimu. Asubuhi nzima. Sikio limekufa. Gari hili limewashwa na mama watoto."

Mwalimu akaitazama spana mkononi mwa mama watoto. Alishukuru, akaondoka polepole. Kabla ya jioni mtaa mzima ungejua.

Wakabaki wawili uani.

"Uliniita mara ngapi?" fundi aliuliza, akiitazama midomo yake.

"Tatu."

"Ukisemaje?"

"Mbili nilikuita baba watoto," mkewe alisema. "Ya tatu nilikuita kwa jina lako."