Kofia Iliyofumwa Mpakani

Kwa kofia za watoto wachanga, Atija Aiuba hana mpinzani. Kule kijijini kwao Namkoma, kwa miaka thelathini, hakuna mtoto aliyetolewa nje siku ya arubaini bila kofia yake. Kisha kijiji kikahamishwa kupisha mitambo ya gesi, watu wakapewa nyumba za matofali ya saruji huku Quitunda. Atija akaja na mkeka, sufuria mbili na sindano yake ya kroshia. Hakulalamika sana, na hilo kwa mtu mwenye ulimi kama wake ni ajabu.

Uzi wake watu huuita sufu, ingawa hakuna kondoo aliyenyolewa. Ni uzi wa kiwandani, hutengenezwa kwa mafuta ya ardhini, laini na haupauki upesi. Huletwa kutoka Mtwara na mchuuzi mmoja, Rafique, na siku zote ulivuka Ruvuma bila maswali. Safari hii binti wa Atija, Nazira, ana mtoto wa kwanza, arubaini ni Ijumaa, na Jumatano Rafique akarudi mikono mitupu.

"Mama, uzi wameuzuia alfandega, pale forodhani mpakani. Wanataka ushuru."

"Ushuru wa nini? Si walisema vitu vya jirani vinapita bure?"

"Vya jirani, ndiyo. Huu wanasema ni wa China."

Alhamisi Atija akapanda gari la asubuhi kwenda mpakani mwenyewe. Mjukuu wa mfumaji atolewe kichwa wazi! Heri kinyozi atembee na nywele timutimu.

Ofisa wa zamu alikuwa Zacarias, kijana wa Mueda, mpole lakini mshika sheria kwelikweli. Akamwonyesha lebo ya uzi.

"Mtwara umenunuliwa tu, mama. Sheria inauliza kitu kimetengenezwa wapi, haiulizi kimepita wapi."

"Kwa hiyo nikinunua mbuzi Mtwara, utamuuliza babu yake?"

"Mbuzi wana idara yao, mama."

Atija akacheka, hasira ikampungua. "Haya. Na uzi ukigeuzwa kuwa kitu kingine?"

"Hicho kitu kinahesabiwa ni cha pale kilipotengenezwa."

Atija akavua viatu, akakaa barazani kando ya gunia lililozuiliwa, akaomba donge moja tu la uzi wa manjano. Zacarias alidhani anatania, akampa. Mama akaanza kufuma. Wasafiri waliingia na kutoka, wengine wakamruka miguu, naye hakuinua kichwa. Ilipoadhiniwa alasiri, akaweka mezani kofia ndogo yenye pindo la mawimbi.

"Hii je? Ulikuwa unaiangalia ikitengenezwa."

Zacarias akakuna kichwa. Alisema kofia moja ya mtoto mchanga haina ushuru, lakini gunia libaki pale pale mpaka lilipiwe. Na kwa kuwa uzi wa kofia umetoka kwenye gunia hilo, lazima aiandikie karatasi. Akaandika: kofia moja ya mtoto. Akafika kwenye mstari wa mahali ilipotengenezwa.

"Niandike hapa mpakani?"

"Hapa nimekaa tu, mwanangu. Pindo hili nilifundishwa na mama yangu Namkoma, na hakuna mahali pengine wanapolifuma. Andika Namkoma."

Kijana akapitisha kidole kwenye orodha yake ya vijiji, juu hadi chini. "Mama, jina hilo halimo tena."

"Najua halimo. Nyumba yangu ilikuwa huko."

Zacarias akaifunga orodha. Kisha akaandika Namkoma, kwa herufi kubwa, akagonga muhuri.

Ijumaa mtoto alitolewa nje na kofia yake ya manjano, vigelegele vikapasua anga. Atija alilia mbele za watu bila kujificha. Tangu wahame, alikuwa hajaliona jina la kwao kwenye karatasi ya serikali. Karatasi yenyewe ikapitishwa mkono kwa mkono, na hata wasiojua kusoma waliishika, wakaitazama, wakaigeuza.

Ijumaa ijayo ni arubaini ya mtoto wa Chamima, naye pia ni mtu wa Namkoma. Atija ameshauliza gari la asubuhi linaondoka saa ngapi.