Prizi ya Kwenda Sakania

Tangu aolewe katika ukoo ule, Ntumba hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akimtaja kwa jina. Mama Simone alimwita "bibi ya Stani", yaani mke wa Stanislas, hata wakiwa wawili tu jikoni, hata akiwa anaomba maji ya kunywa. Ntumba alizaliwa Lubumbashi, na baba yake pia alizaliwa Lubumbashi. Aliyetoka mkoa wa Kasai, ambao watu wake bado huitwa wageni mjini, ni babu. Lakini kwa Mama Simone, mjane wa fundi wa reli na binti wa mfanyakazi wa reli, hiyo haikubadilisha kitu. Mkasai aliingia nyumbani akamchukua mtoto wake wa kiume, basi.

Kisha mapafu ya Mama Simone yakaharibika. Daktari akasema hawezi tena kuishi bila mashine ya oksijeni, ile inayonguruma chini ya kitanda na kupeleka hewa puani kwa mrija. Nyumba pekee ambamo mashine kama hiyo ingeweza kufanya kazi mchana na usiku ilikuwa ya Stanislas na Ntumba, kule mtaa wa Naviundu, kwa sababu Ntumba alikuwa na duka mjini, au magazini kama wasemavyo huko, la betri, paneli za jua na onduleur, vile visanduku vinavyogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa nyumbani. Umeme wa mtaa ulikuja ulipotaka. Majirani wakikaa gizani, mashine ya Mama Simone iliendelea kunguruma kwa betri za Ntumba.

Jambo hilo lilimchoma mzee kuliko ugonjwa wenyewe. Wageni wakija kumsalimu aliwaambia, bila kupunguza sauti, "Hata pumuzi yangu sasa inatoka mu magazini ya huyu mwanamuke."

Ntumba alisikia, akaendelea kusonga bukari, ugali wa kwao. Naye hakuwa malaika. Alimwogesha mzee, alimlisha, alimbadilishia mashuka, yote kwa kimya kikali ambacho mtu angeweza kukigusa kwa mkono. Siku nyingine aliweka sahani mezani kwa kishindo, makusudi, ili ijulikane.

Kiangazi kilipofika, maana kule kiangazi huanza na baridi, asubuhi moja Mama Simone akatangaza kwamba anataka kwenda Sakania. Huko ndiko alikozaliwa, karibu na stesheni, na huko ndiko mdogo wake Laurentine alikokuwa bado anaishi.

"Sakania iko mbali, mama," alisema Stanislas, akitazama viatu vyake.

"Najua mahali iko. Ni miye nilizaliwaka kule, haiko weye."

"Na mashine?"

"Muulize bibi yako. Si yeye njo mwenye courant, mwenye umeme?"

Jumapili ile dada yake Stanislas, Annie, akaja baada ya misa kama kawaida yake, kitambaa cha Lejio ya Maria bado kichwani. Annie ndiye mkubwa. Alikuja kila wiki kukagua: alipitisha kidole juu ya mashine kutafuta vumbi, alinusa mashuka, alionja mchuzi akaweka kijiko chini bila neno. Aliposikia habari ya safari, hakumuuliza mama yake wala ndugu yake. Alienda moja kwa moja kwa Ntumba uani.

"Ni weye ulimutia hii mawazo mu kichwa."

"Yaya Annie," alisema Ntumba, kwa neno la kumwita dada mkubwa, "mimi sikumutia kitu. Muulize mwenyewe."

"Mutu anapumua kwa mashine, unataka kumupeleka njiani. Akifwa mu vumbi ya Kasumbalesa, utasema ni Mungu. Siye tunakujua. Toka siku ya kwanza tulikujua."

Ntumba alikuwa na beseni la nguo zilizolowa mikononi. Alilishikilia kwa nguvu, maana kulikuwa na sekunde moja aliyoona jinsi maji yale yangempata Annie kifuani. Kisha akasema polepole, "Amesema anaenda. Basi ataenda."

Baadaye alijiuliza kwa nini alisema vile. Huruma ilikuwepo, lakini ndogo. Kikubwa kilikuwa hasira. Annie alikuwa amemwambia kwamba haiwezekani, na Ntumba hakuishi kwa kuuza betri ili aambiwe na mtu kama Annie jambo gani la umeme linawezekana na lipi haliwezekani.

Familia ilikuwa na gari moja, Noah la rangi ya fedha ambalo marehemu baba mkwe aliliacha kwa watoto wake wote wawili. Lililala kwa Stanislas, lakini Annie alikuwa na funguo zake na alipenda zionekane mkononi. Ntumba akalipeleka kwa Mulenga, fundi wa umeme wa magari aliyefanya kazi nyuma ya duka lake.

Mulenga kwanza alijaribu njia rahisi. Alichomeka kionduleur kidogo kwenye tundu la kuwashia sigara. Mashine ya oksijeni ikakohoa mara moja, fyuzi ikakatika.

"Patronne, hii mashine inakula mingi," alisema Mulenga, ambaye alimwita hivyo, yaani bosi, kila siku. "Kama unataka hii kazi, tuifanye ya kubakia. Betri ya pili nyuma, onduleur ya nguvu chini ya kiti, na prise ya kweli, ile ya nyumba. Lakini itatoboa motoka."

"Toboa."

Wakang'oa kiti cha nyuma. Wakafunga betri ya pili kwa vyuma na boliti ili isihame barabarani, wakapitisha waya mnene chini ya zulia kutoka kwenye injini, na fyuzi kubwa karibu na kila betri, ili gari likitembea betri zote mbili zijae. Onduleur ikakaa chini ya kiti cha katikati. Mwishoni Mulenga akachukua drili akatoboa ubao wa plastiki kando ya mlango, tundu la duara, safi, akaingiza prizi nyeupe ya ukutani, soketi ile ile ambayo mtu angeiona sebuleni, akaifunga kwa skrubu. Ilionekana kitu cha ajabu mle ndani, kama mlango wa nyumba uliowekwa katikati ya uwanja. Ntumba akaibonyeza kwa dole gumba. Haikutikisika.

Nyumbani walimketisha Mama Simone ndani ya gari uani, wakawasha injini, wakachomeka mashine. Ikanguruma sawasawa na chumbani. Mzee alikaa pale muda mrefu, mrija puani, blanketi magotini, akilitazama lile tundu jeupe.

"Umeiweka upande ya jua," alisema hatimaye.

Ntumba akafunga mlango wa gari, akaingia ndani ya nyumba.

Annie alipoliona tundu, sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Alipiga ngumi juu ya bati la gari. "Motoka ya baba yetu. Mumeipasua kama mbuzi. Nani alikupatia ruhusa? Hii haiko magazini yako, Ntumba. Hapa unakaa sababu ya ndugu yangu, na siku ndugu yangu atachoka utarudia kwenu."

"Kwetu ni hapa," alisema Ntumba. "Nilizaliwa ku Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi. Weye unataka nirudie wapi?"

Stanislas alikuwa amesimama kati yao na ufagio mkononi, kwa sababu alikuwa akifagia uani walipoanza. "Annie, mama anasema tunaenda siku ya posho."

"Basi mimi pia naenda. Siwezi kuacha mama na huyu."

Ilipofika posho, yaani Jumamosi, Annie aliwahi kabla ya wote. Ntumba alipotoka nje alimkuta tayari ndani ya gari, nyuma, akisema anapanga mito ya mama yake. Ntumba akapanda upande wa pili. Alichomeka mashine, akaijaribu, ikanguruma, wakaondoka. Stanislas aliendesha, Annie akakaa mbele karibu naye, Ntumba nyuma na mzee. Mpaka Kasumbalesa hakuna aliyesema neno zaidi ya "funga dirisha". Malori ya shaba yalipanga foleni ndefu kuelekea mpakani, wakayapita taratibu, kisha wakaingia barabara ya Sakania, yenye mashimo na vumbi jekundu.

Ilikuwa baada ya shimo moja kubwa ndipo mashine ilipoanza kupiga kelele. Mlio mwembamba, usiokatika. Halafu mngurumo ukafa.

"Simama," alisema Ntumba. "Stani, simama."

Mama Simone alimshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono kabla ya siku ile, na sasa alimshika kwa kucha. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Ntumba akajinasua, akazima onduleur, akapiga magoti sakafuni na kufunua zulia. Waya mnene ulikuwa umetoka mahali pake na kulala pembeni. Nati iliyoubana haikuwepo. Alipapasa kwenye vumbi chini ya kiti mpaka vidole vyake vikaipata, na alipoiangalia akaona kingo zake zimekwaruzwa upya na koleo. Mulenga hatumii koleo kwenye nati. Mulenga anatumia spana, na alikuwa ameikaza mbele ya macho yake.

Hakuwa na muda wa kufikiri. Alirudisha waya, akaikaza nati kwa vidole, kisha kwa spana aliyokuwa ameibeba kwenye mkoba, akawasha. Mashine ikakohoa, ikaanza kunguruma. Kifua cha mzee kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Stanislas alikuwa ameegemea usukani akilia bila sauti.

Ntumba alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele upande wa Annie.

"Asubui ulikuwa unapanga mito na koleo?"

Annie alitazama mbele, kwenye barabara. Uso wake ulikuwa umekauka. "Nilizani itakataa pale nyumbani. Kabla ya kutoka. Nilizani tutabakia."

"Na ilikubali."

"Ilikubali."

"Na weye ukanyamaza njia yote hii. Uliona mama yako anapumua juu ya ile nati, ukanyamaza."

Ntumba alitaka kumpiga. Mkono wake ulikuwa na spana bado, na mkono ulijua la kufanya nayo. Ndipo sauti ya Mama Simone ikatoka nyuma, nyembamba, ya kukwaruza: "Mufunge mulango. Vumbi inaingia."

Hakuna zaidi. Hakumkemea binti yake, hakumshukuru mkwe wake. Ntumba akafunga mlango, akarudi mahali pake, na njia yote iliyobaki alikaa ameweka kiganja juu ya zulia, pale waya ulipopita.

Alikuwa ameamini kwamba mzee anakwenda kuagana na mdogo wake. Wote waliamini hivyo. Walipofika Sakania, mbele ya nyumba ya matofali isiyo mbali na reli, Laurentine alitoka akijikokota na mkongojo, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mvi, mikono imefunguliwa tayari kukumbatia.

Mama Simone hakuweza kushuka kwa ajili ya mrija. Walifungua mlango mpana wa kando, injini ikiwaka, na yeye akaketi pale kama hakimu.

"Ulimuzika mama bila kuningojea," alisema.

Mikono ya Laurentine ikashuka. "Yaya. Ni kwa hiyo ulikuya?"

"Ni kwa hiyo."

"Treni ilichelewaka. Tulingojea mpaka maiti ikaanza kubadilika. Ulitaka nifanye nini? Joto ilikuwa ya Oktoba."

"Ungeningojea. Nilifika nikakuta udongo. Nilikuwa mukubwa, mimi njo nilipashwa kumufunika uso."

"Na weye ulinitukana mbele ya bantu wote ku kilio. Toka ile siku haukutuma hata salamu. Bwana yangu alikufwa, haukukuya. Mutoto yangu alikufwa, haukukuya."

Walianza hivyo, na hawakuacha. Majirani walitoka. Mama Simone aligombana kwa vipande, maneno machache, pumzi, maneno machache, na Laurentine alisubiri kila pumzi iishe ndipo amjibu, kwa ukali ule ule. Walichimbua mambo ya utoto, kitenge kilichoibwa, mchumba aliyesemwa vibaya. Laurentine alipochoka kusimama aliagiza kiti, akakaa karibu kabisa na mlango, magoti yake yakigusa gari, wakaendelea. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Walipomaliza, Laurentine alileta samaki waliokaushwa ndani ya gazeti akawaweka miguuni mwa dada yake bila kusema ni wa nini, na Mama Simone akawachukua bila kusema asante.

Ntumba alikuwa ameegemea gari muda wote huo, akisikiliza. Kwa ajili ya matusi. Alitoboa gari, alitukanwa, alipiga magoti kwenye vumbi na mtu akifa mikononi mwake, kwa ajili ya mzee kwenda kutoa matusi aliyoyaweka maisha yake yote. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Alimtazama mama mkwe wake, na mzee alikuwa na rangi mashavuni ambayo hakuwa nayo tangu aletwe Naviundu.

Annie alirudi Lubumbashi kwa gari la mtu mwingine. Alisema ana kazi Kasumbalesa. Tangu siku hiyo haji tena Jumapili; humwita mama yake kwa simu, na Ntumba akipokea, hukata. Stanislas alijaribu mara moja kusema habari ya kupatana. Ntumba akamwambia ampelekee dada yake ile nati aitazame kwanza, ndipo warudi kwenye maneno hayo. Hakuipeleka.

Wiki mbili baadaye Ntumba alikuwa akibadilisha mashuka, mzee amegeuzwa upande wa ukuta.

"Ile motoka," alisema Mama Simone kwa ukuta. "Prise yake ingali inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Turudie kule. Kuko neno moja nilisahau kumuambia."

Ntumba alikunja ncha ya shuka chini ya godoro, akaivuta mpaka ikanyooka. "Tutaenda posho," alisema. "Lakini tutatoka mapema, mbele ya malori. Na weye utakula kwanza."

"Sitakula bukari yako ya asubui."

"Utakula," alisema Ntumba, akamgeuza upande wa pili.