Pedi Nne za Bega la Kushoto

Mume wangu ni fundi cherehani, na ubishi ndiyo kazi yake ya pili. Miaka ishirini na sita kainamia mashine ile ile, mpaka mgongo ukagoma. Kuinuka kitini ikawa shughuli ya watu wawili: mimi nivute, yeye alalamike. Daktari wa kwanza akamwambia aache kushona. Jamani! Mtu yule ashinde nyumbani ananikosoa ninavyokunja mashuka? Na tuseme ukweli, niliogopa. Bila cherehani, angekwisha nikimwona. Ndipo nikamburuta kwa tabibu wa mgongo, yule asiyetoa vidonge wala sindano, kazi yake kunyoosha pingili kwa mikono.

Mume wangu kavaa koti lake jeusi, utadhani anakwenda kuposa. Tabibu mwenyewe binti mdogo, mpole, akaanza maswali. Analalaje? Anakaa kitini saa ngapi? Maumivu yanashuka mguuni?

"Hayashuki," akasema.

"Yanashuka," nikasema.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni wewe, kwa hiyo sema ukweli."

Binti akamvua koti, akamsimamisha, akamtazama kwa nyuma. "Baba, bega lako la kushoto limeshuka."

"Haiwezekani! Makoti yangu yananikaa sawasawa."

Nililipakata lile koti. Nikalibonyeza bega la kulia: pedi moja ya kuinulia bega. La kushoto: nne! Kumbe kila bega liliposhuka, bwana mkubwa aliongeza pedi. Na mimi miaka yote nimekatazwa hata kulipiga pasi, eti nitaunguza kitambaa. Nilipandwa na hasira, halafu nikajikuta nimelikumbatia. Nilipomtazama, akajifanya anakagua dari.

Akalazwa kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye tundu la uso.

"Sasa humu nitabishana na nani?" akaiuliza sakafu.

Binti akapapasa mgongo taratibu, akamwambia avute pumzi, aitoe. Ko!

"Umemvunja!" nikaruka.

"Hapana, mama. Ni hewa tu ndani ya maungio."

Halafu sauti ikatoka tunduni: "Na upande wa pili je?"

Alipoketi, akaambiwa huenda akaumwa kidogo siku moja mbili, atembee, na arudi wiki ijayo.

"Na kushona?" Aliuliza kwa kisauti ambacho sijapata kukisikia tangu anioe.

"Shona, baba. Ila inua meza, na kila nusu saa usimame."

Mume wangu akapangusa macho, akasingizia vumbi. Chumba chenyewe kinang'aa.

Baada ya safari ya tano akavaa koti mbele ya kioo, akapiga kelele. Bega la kushoto limepanda juu!

"Yule binti kaniharibia koti!"

Akashika mkasi, akafumua bitana, akatoa pedi moja na kunirushia. Akalivaa tena, akageuza mgongo.

"Mama watoto, hebu shika hapa begani," akasema. "Niambie ukweli, pamekaaje?"