Ripoti ya Bahari

Nilimwonea wivu kabla hata hatujapanda lori. Yeye alikuwa binti wa dereva wa kombaini katika shamba la ngano la serikali. Kwao kulikuwa na paa la bati na taa za jenereta, na baba yake alikuwa ametoka Tanga kuja kufanya kazi kwetu Hanang. Mimi nilikuwa binti wa mfugaji. Pale palipolimwa ngano ndipo ng'ombe wetu walipokuwa wakila majani zamani, na baba alinikumbusha hilo kila aliposikia trekta. Lakini sitaisingizia ardhi. Kijiba changu cha roho kilikuwa cha darasani. Katika jiografia mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa sita au wa saba, na bado walimu walimpenda kuliko mimi kwa sababu alicheka bila kujiziba mdomo.

Tulikuwa darasa la sita. Shamba lilikuwa linatuma lori bandarini Tanga kuchukua vipuri, na mwalimu wetu wa jiografia, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, akaomba tupakiwe. Alitangaza mbele ya darasa kwamba atakayeandika ripoti nzuri kuliko wote ataisoma siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi na wakubwa wa shamba.

Baba hakuwa amewahi kukanyaga shuleni. Nilipomweleza habari ya ripoti aliendelea kukagua kwato za ndama, kisha akasema, "Ukisimama wewe mbele, nitakuja nikuone." Tangu hapo ripoti ikawa yangu. Sikuona mtu mwingine wa kuisoma.

Tulisafiri siku mbili, tukalala kwenye sakafu ya shule moja huko Same. Siku ya kwanza nilikuwa malkia wa lori. Ramani yote ilikuwa kichwani mwangu, na kila mlima nilioutaja wenzangu waliugeukia. Tulipopita Korogwe mambo yakaharibika. Binti wa dereva akaanza kuonyesha kwa kidole: huu mkonge, ule mnazi, wale wanauza madafu, dafu lenyewe hunywewa hivi. Wenzangu wakamgeukia yeye, wakanipa mgongo. Nikajitia kusinzia.

Bandarini karani mmoja alitupokea. Meli zilikuwa zimetia nanga mbali, na karani akauliza nani anajua mizigo inafikaje nchi kavu. Kabla sijainua mkono, yeye alishajibu kwamba inabebwa na matishari, zile mashua pana zinazovutwa. Karani akacheka kwa furaha, akamuuliza yeye ni wa wapi, wakaanza kuongea Kiswahili chao cha haraka kinachoteleza. Mimi niliuliza swali zuri kuhusu kina cha maji. Alinijibu vizuri tu, ila macho yake yalibaki kwa mwenzangu. Roho iliniuma mpaka nikakosa kuandika jina la meli.

Mchana tukapelekwa ufukweni, nje kidogo ya mji. Mwalimu alikusanya madaftari yetu yote, akayatia kwenye kiroba cha ngano ili tukaingie majini bila kuyalowesha, akamkabidhi yeye. "Wewe ndiye mwenyeji hapa," akamwambia. Hata kiroba nacho nilimwonea wivu.

Haukupita muda, shangazi yake akatokea na sinia la mikate ya kumimina. Alikuwa amepata habari kwamba tunakuja. Mwenzangu akaruka kwa furaha, akanitupia kiroba.

"Shoga, nishikie, nikamwamkie shangazi. Ukichoka kiweke juu kule kwenye majani. Maji yanarudi."

Jambo hilo nililijua. Nililiandika kwenye mtihani, kupwa na kujaa na mvuto wa mwezi, nikapata alama zote. Lakini nililijua kwenye karatasi tu. Sisi tunaopeleka ng'ombe kulamba chumvi kando ya Ziwa Balangida tunajua kwamba maji hurudi nyuma kiangazi na kusogea masika. Palipokauka pamekauka. Unaweza kuacha fimbo yako hapo leo, ukaikuta kesho. Na zaidi ya yote, aliyeniambia alikuwa yeye. Kama angeniambia mtu mwingine yeyote, ningepanda mpaka kwenye majani. Nikakitua kiroba kwenye mchanga mkavu, mbali kabisa na maji, nikaenda zangu kuonja bahari. Ilikuwa na chumvi kweli. Ng'ombe wetu wangeipenda, nikawaza.

Tulicheza, tukaokota kombe, tukala mikate ya shangazi. Nilipogeuka, ule mchanga mkavu haukuwepo tena. Kiroba kilikuwa kinaelea, kimefunguka mdomo, na madaftari yalikuwa yametapakaa majini. Tuliyaokota yakiwa uji.

Mwalimu alipiga kelele mpaka shangazi akashika kifua. "Nani alikuwa na kiroba hiki?"

Mwenzangu alinitazama. Mimi nikatazama sinia.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Nilipewa mimi."

Alichapwa viboko viwili mbele ya shangazi yake, na Mwalimu akamwambia kwamba yeye ripoti hataisoma hata akiandika kwa dhahabu. Nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, lakini kwanza nilifurahi, na sitaki kulificha hilo.

Kwenye lori wakati wa kurudi nililia, kwa maana nilikumbuka kwamba daftari langu nalo limekufa na sina cha kuandika. Yeye akadhani ninalia kwa kumhurumia. Akasogea, akaomba karatasi kwa utingo, akasema, "Andika." Siku mbili nzima alinitajia: matishari, harufu ya mkonge uliofungwa marobota, wapakuzi wanavyopokezana mizigo, maji yanavyoondoka asubuhi na kurudi mchana. Habari ya kiroba hakuigusa. Nilikuwa nikingoja aiguse ili nipate sababu ya kumkasirikia.

Nikachaguliwa, bila shaka. Siku ya kufunga shule baba alikuja na lubega lake na fimbo yake. Alikataa benchi, akasimama kwenye ua. Mwenzangu alikaa mstari wa mbele. Nilisoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, nikainua macho, nikamwona midomo inamcheza. Alikuwa akiyasema maneno yale kimyakimya, na hatua moja mbele yangu. Nikateremsha macho kwenye karatasi, sikuyainua tena mpaka mwisho. Makofi yalipopigwa, yake yalisikika kuliko ya wote, na hata kwa hilo nilimwonea wivu.

Nilimkimbilia baba, nikainamisha kichwa aniguse kama ilivyo kwetu. Nilingoja aseme neno. Kiswahili kilimpita pembeni, hakuwa ameelewa hata nusu ya nilichosoma, kwa hiyo muda wote alikuwa akitazama nyuso tu.

"Yule mtoto aliyekaa mbele," akasema kwa lugha yetu, "ndiye anayeijua bahari. Mdomo wake ulikuwa unatangulia wako. Ni mtoto wa nani?"

Mwenzangu alikuwa anakuja upande wetu huku akitabasamu, tayari kumwamkia baba yangu.

"Simjui vizuri," nikasema, nikamshika baba mkono tukaondoka.