Mtutu Mfupi wa Wilhelmina

Wilhelmina Luhaga alikuwa amestaafu kazi ya uaskari wa wanyamapori, na asubuhi hiyo kibali chake cha kumiliki bunduki ya kulengea shabaha kilikuwa kimetoka. Alitoka Pasiansi moja kwa moja hadi uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Butimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Masele, fundi bunduki, alimwekea mezani bunduki mbili za kupakia risasi moja moja, zote zikitumia risasi za bastola. Moja ilikuwa na mtutu wa inchi kumi na sita, nyingine ishirini na nne.

"Nipe huo mrefu. Risasi itakwenda kasi zaidi."

"Tupime kwanza."

Wilhelmina alipiga risasi tano kwa kila bunduki huku mashine ya kupimia ikisoma kasi ya kila risasi. Hakuamini macho yake: mtutu mfupi haukuachwa nyuma hata kidogo.

"Risasi ya bastola ina baruti kidogo," Masele alieleza. "Huungua yote mapema, kabla risasi haijatoka hata kwenye mtutu mfupi. Mtutu ukizidi urefu huo, unabeba uzito wa bure."

Wilhelmina akainua tena ile fupi. Haikumlemea. Akalenga, akafyatua. Risasi ikatoboa katikati kabisa ya shabaha, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Niandikie risiti ya hii fupi, mzee; ndiyo ninayoinunua."