Dada Yangu Alipoitwa Kipaji

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule dada yangu Tumaini aliporudi kutoka shuleni akiwa amefungwa utepe wa njano mkononi. Tulikuwa tukiishi Mahongole, mimi darasa la pili, yeye la tano. Mwalimu mkuu mpya alikuwa amewapima watoto kwa maswali, akachagua wachache, akawaita watoto wenye vipaji. Sisi tuliobaki hatukupewa jina, lakini kabla ya jioni wenzetu walishatutafutia: "wa kawaida."

Baba yetu, fundi seremala mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba kichwa cha Tumaini hakitabeba tena ndoo ya maji, kisije kikatikisika. Ndoo ikahamia kwangu, maana kichwa changu hakikuwa na cha kumwagika. Yai la asubuhi likawa la Tumaini. Wageni wakija, baba aliwasalimu, "Kamwene," na kabla hawajakaa anamwita binti ataje miji mikuu. Mzee mmoja aliyefuata kitanda chake alitajiwa nusu ya Afrika, akaondoka bila kitanda.

Nilimwonea wivu, usidhani nilikuwa malaika. Lakini Tumaini, aliyekuwa akiuliza maswali mpaka mama anaziba masikio, aliacha kuuliza. Darasani hakunyoosha tena mkono. Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya jiko analia, yai mkononi.

"Nikikosa swali watanivua utepe," akaniambia. "Baba atawaambia nini wageni?"

Nikamwambia mama. Alijitanda khanga, akatushika mikono, tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, huyu mlimpima nini?"

"Hesabu na kusoma, mama. Ana kipaji."

"Sikatai. Na huyu?" Akanisogeza mbele.

"Huyu bado hajaonyesha."

"Ana miaka minane, mwalimu. Wewe kwa umri huu ulishaonyesha?"

Mwalimu akacheka bila kutaka. Akakiri kwamba darasa la pili alilirudia.

Mama akaufungua ule utepe, akaukunja, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. "Mpeni hata hesabu ngumu zaidi, nitashukuru. Ila jina tulishampa sisi."

Baba alinuna siku nzima. Jioni Tumaini akamuuliza kwa nini kitanda hulia mtu akijigeuza. Baba akaanza kueleza, akachora chini kwa kijiti, na ugali ukapoa tukimsubiri. Dada yangu alikuwa amerudi.

Sasa umeniambia shule huko Njombe imemtaja Baraka kuwa mtoto mwenye kipaji, mdogo wake Neema hakutajwa, nawe huna raha. Wasiwasi wako si ujinga. Nenda kwa mwalimu, muulize kwa upole wamepima nini na kipi hawakukipima. Masomo ya ziada yapokee, mtoto ayafaidi. Lakini nyumbani wote wawili waoshe vyombo, wote wasikilizwe, na wote wawe huru kukosea mbele yako. Wageni wakija, waache wanywe chai yao kwa amani.

Mungu awakuze wajukuu zangu wote wawili, awape akili na usingizi mzuri. Nawe, mwanangu, akujalie kuwapenda sawasawa, na wao wajue hivyo bila kuambiwa.